Milango na Droo za Kabati la Jikoni

Fikirini nyumba moja. Baba na mama wameuza kahawa yao, na mama amesema, "Mwaka huu tutengeneze jiko." Ukuta uliopasuka umekandikwa upya. Sakafu imetiwa saruji. Moshi umepewa njia ya kutoka juu. Sasa wanataka kabati, ili chakula na vyombo visikae chini tena. Fundi seremala amekuja na futi yake, naye anauliza, "Mnataka milango ya namna gani? Na droo ngapi?" Baba anamtazama mama, na mama anamtazama baba. Mwisho baba anajibu, "Fanya kama lile la jirani, lenye vioo. Ni zuri."

Watu wengi huchagua namna hii. Wanachagua kwa macho. Uzuri si kosa, lakini si kazi ya kwanza ya mlango. Mtu anayetafuta mlinzi wa usiku haulizi kama sura yake inapendeza. Anauliza kama ataweza kumzuia mwizi. Mlango wa kabati ni mlinzi wa chakula chenu na wa watoto wenu. Basi, kabla ya kumjibu seremala, ulizeni neno hili: "Mlango huu utamzuia nani?" Somo hili litawasaidia kupata jibu.

1. Nani anataka kuingia kabatini?

Wa kwanza ni panya. Meno yake hukua siku zote za maisha yake, kwa hiyo hawezi kuacha kutafuna. Panya mdogo wa nyumbani aweza kupita katika pengo la milimita 6, yaani unene wa penseli. Panya mkubwa anahitaji pengo kama la kidole gumba. Kichwa chake kikipita, mwili hufuata. Chakula anachokula yeye si hasara kubwa. Hasara kubwa ni mkojo na mavi anayoacha juu ya chakula kinachobaki, kwa maana humo mna vidudu vya magonjwa. Tena panya hubeba viroboto. Mwaka 1894 mganga Alexandre Yersin alikiona kidudu cha tauni huko Hong Kong, na mwaka 1898 mwenzake Paul-Louis Simond alionyesha kwamba viroboto vya panya ndivyo vinavyoleta tauni kwa watu. Katika Kongo watu wa Ituri wanaujua ugonjwa huu tangu wakati wa utawala wa Wabelgiji. Nyumba ambayo nafaka yake iko wazi inawakaribisha panya kila usiku.

Wa pili ni nzi. Nzi hana meno. Anapotua juu ya bugali au samaki, anatema maji ya tumbo lake ili kulainisha chakula, kisha anakifyonza. Kabla ya kuja mezani alikuwa amekaa chooni au jalalani, na miguu yake ina manyoya yanayoshika uchafu. Hivyo analeta kuhara na kuhara damu ndani ya nyumba.

Wa tatu ni mende na sisimizi. Hawa ni wagumu kuzuia, kwa maana mtoto wa mende hupita hata katika ufa mwembamba sana. Mlango mzuri huwapunguza, lakini hauwamalizi. Kwa sababu hiyo unga, sukari na chumvi viwe ndani ya kopo au chupa yenye kifuniko, hata kama kabati ni zuri.

Wa nne ni unyevu. Wakati wa mvua, kabati lisilopitisha hewa hata kidogo huota kuvu. Karanga na mahindi yenye kuvu yaweza kuwa na sumu inayoharibu ini, na sumu hiyo haiishi kwa kupika. Msiyale, wala msiyape kuku.

Wa tano si adui, ni mpenzi wetu. Ni mtoto mdogo anayetambaa, au anayeanza kutembea. Yeye hataki kuiba. Anataka kujua. Anafungua kila kitu anachokifikia, na kila anachokipata anakitia kinywani. Mlango unaomzuia panya na nzi, lakini haumzuii mtoto asiifikie sumu, haujamaliza kazi yake.

2. Namna za milango

Sasa tuangalie milango ambayo fundi aweza kuwapa, na kazi ya kila mmoja.

Pazia la kitambaa. Ni rahisi, na wengi huanza nalo. Lakini panya, nzi na mtoto wote hupita chini yake bila shida. Kitambaa hushika mafuta na moshi, na kama kiko karibu na mbabula chaweza kuwaka moto. Kama hamna njia nyingine, kifueni kila juma, kiwe mbali na moto, nacho kifunike vyombo tu, si chakula.

Mlango wa ubao mzima. Huu ndio mlinzi mwenye nguvu. Ni mzuri kwa sehemu ya chini ya kabati, pahali pa sufuria, masinia na makopo ya unga. Mbao ngumu kama libuyu au mvule hudumu sana. Lakini ubao mpana peke yake hujipinda mvua na jua vikibadilishana. Mwambieni fundi afanye fremu ya mbao nne, kisha atie ubao mwembamba au tripleksi katika mfereji wa fremu hiyo bila gundi. Hivyo ubao wa katikati waweza kuvimba na kunywea bila kuupinda mlango wote.

Mlango wa wavu wa waya. Huu unafaa sana kwa chakula kilichopikwa na kwa matunda, kwa sababu hewa hupita na nzi hubaki nje. Matundu ya wavu yasizidi milimita 2. Wavu wa waya ni bora kuliko wa plastiki, kwa maana panya hukata plastiki kwa usiku mmoja. Wavu ufungwe kwa ubao mwembamba pande zote nne. Ukipigiliwa misumari peke yake, baada ya miezi michache utafunuka pembeni, na nzi watapata mlango wao.

Mlango wa kioo. Unaona kilicho ndani bila kufungua, tena kioo huoshwa kwa urahisi. Lakini kioo huvunjika, na vipande vyake ni hatari kwa miguu ya watoto. Kikiwekwa, kiwe katika sehemu ya juu tu, kwa ajili ya sahani na vikombe. Msitie dawa nyuma ya kioo. Mtoto akiona vidonge vyenye rangi nzuri, atafanya shauri la kuvifikia. Mafuta ya mawese nayo huharibika upesi yakikaa pahali penye mwanga.

Mlango wa kuteleza. Unafaa kwa jiko jembamba, maana hauhitaji nafasi ya kufunguka. Lakini una mambo mawili mabaya. Mfereji wake wa chini hukusanya makombo, na makombo huita mende. Tena kati ya mlango wa mbele na wa nyuma hubaki pengo. Mkiuchagua, mpimeni fundi kwa pengo hilo, na usafisheni mfereji kwa brashi kavu kila juma.

Mlango uwe wa upana gani? Mlango mpana ni mzito, nao huvuta bawaba mpaka unaning'inia. Ukining'inia, pengo hufunguka juu kwa upande mmoja na chini kwa upande mwingine. Kama nafasi inazidi sentimita 50, afadhali milango miwili midogo kuliko mmoja mkubwa. Angalieni pia upande unaofungukia. Mama akiwa amesimama na sufuria ya moto mkononi, mlango usifunguke kati yake na meza.

Neno moja juu ya urembo. Nakshi na mistari iliyochongwa hupendeza siku ya kwanza. Baada ya mwaka mmoja, mafuta na masizi yamejaa ndani yake na hakuna kitambaa kinachoweza kuyatoa. Mlango wa jikoni uwe laini, ili upanguswe mara moja kwa kitambaa chenye sabuni. Kishikio nacho kiwe cha namna hiyo. Mkono uliokata nyama mbichi hukigusa, kisha mkono wa mtoto hukigusa vilevile.

3. Kabati si friji

Hapa wengi hukosea, kwa hiyo tunasema wazi. Mlango wa wavu huzuia nzi. Hauzuii vidudu vilivyo tayari ndani ya chakula visizaane. Katika joto la nchi yetu, chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kisha kikaliwa hivihivi. Bugali, maharagwe au sombe iliyobaki ichemshwe tena mpaka itoe mapovu katikati, si pembeni tu. Wali uliolala nje usiku kucha utupwe, kwa maana vidudu vyake vyaweza kuacha sumu ambayo moto hauiondoi. Kabati zuri halifanyi chakula cha jana kuwa cha leo.

4. Droo: inafaa kwa nini, na haifai kwa nini

Droo, ambayo wazee huiita mtoto wa meza, ina faida kubwa chini ya kabati. Katika rafu ya chini yenye mlango, mama hupiga magoti na kutia mkono gizani, na vitu vya nyuma husahauliwa. Akivuta droo, vyote hutoka nje mbele ya macho yake. Ataona kijiko kichafu, ataona mavi ya panya, naye atasafisha mapema.

Lakini droo nyingi zina kosa lisiloonekana. Kwa mbele zimefungwa vizuri, kwa nyuma ziko wazi. Panya hupanda nyuma ya kabati na kuingia droo kwa juu, wala haguswi na mlango wowote. Kwa hiyo mwambieni fundi maneno haya mawili: nyuma ya kabati pafungwe kwa ubao mzima, na juu ya kila droo pawe na ubao unaoitenga na sehemu nyingine. Kama hawezi, basi msitie chakula katika droo. Tieni vijiko, miiko na vitambaa safi tu.

Angalieni mambo haya pia katika droo:

Kimo. Droo ya vijiko yatosha sentimita 10 kwenda chini. Droo yenye kina kirefu hugeuka kuwa jalala dogo, kila kitu kikitupwa juu ya kingine.

Upana. Droo ambayo upana wake unazidi urefu wake wa kwenda ndani hukwama ikivutwa upande mmoja. Afadhali mbili nyembamba.

Sakafu yake. Ubao wa chini uingie katika mfereji wa mbao za pembeni. Ukipigiliwa misumari kutoka chini, uzito utaung'oa.

Kizuizi. Nyuma kuwe na kipande cha mti kinachozuia droo isitoke yote. Droo iliyojaa vyombo ikianguka yaweza kuvunja vidole vya mtoto.

Mwendo. Wakati wa mvua mti huvimba. Fundi aache pengo la milimita 2 kila upande. Ikianza kukaza, pakeni nta ya mshumaa au sabuni kavu kwenye njia yake. Msipake mafuta ya kula, maana huita mende.

Visu na viberiti visiwe katika droo ya chini. Wala msitie humo pile ndogo za duara kama za saa. Mtoto akimeza pile namna hiyo ikakwama kooni, yaweza kuunguza koo kwa saa 2 tu. Huyo apelekwe hospitali papo hapo, hata kama halii.

5. Kufuli moja liwekwe wapi?

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote ya somo hili.

Wazazi wanapomleta mtoto wa miaka 2 anayekohoa na kuhema mbio, na nguo zake zinanuka mafuta ya taa, waganga huuliza, "Chupa ilikuwa wapi?" Mara nyingi ilikuwa chini, katika kabati lisilo na komeo. Na mara nyingi ilikuwa chupa ya limonadi. Mtoto alijua kwamba chupa ya namna ile ina kitu kitamu. Alikuwa na kiu. Hakufanya kosa. Sisi wakubwa ndio tuliomdanganya.

Katika nyumba nyingi kuna kufuli moja jikoni, nalo limefungwa kwenye sukari. Mafuta ya taa, soda kali ya kutengenezea sabuni, maji ya kung'arisha nguo na dawa ya panya viko wazi chini. Tafakarini. Mtoto akila sukari ya kikombe kizima, atapata tumbo. Akinywa soda kali funda moja, koo lake litaungua, na huenda hatameza chakula vizuri tena maisha yake yote. Kama fedha zenu zatosha kufuli moja tu, liondoeni kwenye sukari.

Fundi afanye kisanduku kidogo peke yake, chenye mlango wa ubao mzima, bawaba mbili na kufuli. Kipigwe ukutani juu kuliko kichwa cha mtu mzima, pahali pasipo na kiti wala meza ya kupandia. Kiwe mbali na moto, kwa ajili ya mafuta ya taa. Wala kisiwe juu ya chakula, maana chupa ikivuja, sumu itadondoka katika unga. Ufunguo usiachwe katika kufuli. Dawa za hospitali ziwe na kisanduku chao kingine. Dawa za kunyunyizia shamba zisiingie jikoni kabisa.

Tena, msitie sumu katika chupa ya kinywaji hata siku moja, hata ndani ya kisanduku chenye kufuli. Siku moja kufuli litasahauliwa.

Kama mtoto amekunywa mafuta ya taa au soda kali, shikeni maneno haya. Msimtapishe. Mafuta yakirudi juu huingia mapafuni, na soda kali huunguza koo mara ya pili. Msimnyweshe maziwa wala mawese. Mvueni nguo zilizolowa, oshaneni ngozi yake kwa maji na sabuni, mbebeni mpaka hospitali pamoja na chupa yenyewe. Nendeni hata kama anacheza, kwa maana shida ya kupumua yaweza kuja baada ya saa kadhaa.

6. Miguu, mgongo na rangi

Kabati lisimame juu ya miguu ya sentimita 20 hivi, ili ufagio upite chini na panya wasijenge. Wengi hutia miguu katika makopo ya maji ili kuzuia sisimizi. Ni desturi njema, lakini maji yaliyotulia huzaa mbu. Mwageni maji hayo na kutia mapya kila juma, au mimineni mafuta kidogo juu yake.

Kabati refu lifungwe ukutani kwa vyuma viwili na parafujo. Mtoto hufungua droo moja, mbili, tatu, kisha huzipanda kama ngazi. Uzito wake huvuta kabati lote mbele, nalo humwangukia. Tena upande wa Kivu nchi hutetemeka. Watu wa Bukavu hawajasahau tarehe 3 Februari 2008. Tetemeko likija, kabati lisilofungwa huanguka, na milango isiyo na komeo hufunguka na kutupa vyombo juu ya walio ndani.

Ndani ya kabati msipake mafuta machafu ya gari ili kuzuia mchwa. Ni sumu, na harufu yake huingia katika unga. Nje mkitaka kupaka rangi, ulizeni dukani rangi isiyo na risasi, kwa maana risasi hudhuru akili za watoto wanaolamba au kutafuna mbao. Acheni rangi ikauke kabisa kabla ya kutia chakula. Wala msibandike magazeti kwenye rafu. Mende hula gundi na hulala chini ya karatasi. Ubao uliopigwa randa vizuri watosha.

7. Jiko la mji wa Frankfurt

Msifikiri kwamba mambo haya ya milango na droo ni madogo, au kwamba ni ya watu maskini tu. Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt huko Ujerumani, mwanamke mmoja mchoraji wa nyumba, Margarete Schütte-Lihotzky, alipewa kazi ya kupanga majiko ya nyumba za wafanyakazi. Vyumba vilikuwa vidogo sana. Hakuanza na uzuri. Alihesabu hatua za mama kati ya moto, maji na meza, kisha akaweka kila droo karibu na kazi yake. Droo ya unga aliifanya kwa mti wa mwaloni, kwa sababu ndani ya mti huo mna maji makali ambayo vidudu vya unga havipendi. Mchele na sukari alivitia katika vidroo vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia. Mbao zilipakwa rangi ya buluu, kwa sababu watu walifikiri kwamba nzi huikimbia. Majiko kama 10,000 yalijengwa namna hiyo.

Hata hivyo wenye nyumba waliona kosa moja. Vidroo vile vizuri vilikuwa chini, na watoto wadogo waliweza kuvifikia na kuvivuta. Mtu mwenye akili nyingi alifikiri habari za vidudu vya unga, lakini hakumfikiri vya kutosha mtoto anayetambaa. Basi na sisi tusione haya kuinama mpaka kimo cha mtoto na kulitazama jiko letu kwa macho yake. Afadhali tufanye hivyo kabla ya fundi kukata mbao.

8. Kulipima kabati kabla ya kulipa

Fundi akimaliza, msilipe yote bila kupima. Ngojeni giza. Tieni tochi inayowaka ndani ya kabati, fungeni milango na droo zote, kisha zimeni taa ya jikoni. Zungukeni. Pahali mwanga unapotoka pembeni mwa mlango, mende ataingia hapo. Pahali penseli inapopita, panya ataingia hapo. Mwonyesheni fundi bila ugomvi. Kazi ya kupigilia ubao mwembamba nyuma ya ufa ni ya saa moja, lakini afadhali aifanye kabla ya kupokea franka zake za mwisho. Kama panya ni wengi kwenu, apigilie ukanda wa bati kwenye ukingo wa chini wa mlango. Debe la zamani lililonyoshwa lafaa, kama ncha zake zimekunjwa zisikate mikono.

Kisha jaribuni komeo. Mtu mzima alifungue kwa mkono mmoja, na mtoto wa miaka 3 ashindwe. Vuteni kila droo mpaka mwisho, mwone kama kizuizi kinaishika. Tikiseni kabati kwa mikono miwili, mwone kama limeshikwa ukutani.

Na kama fedha hazitoshi kabati lote? Fanyeni kwa utaratibu huu. Kwanza kisanduku chenye kufuli. Pili sehemu ya chakula yenye mlango wa wavu. Tatu milango ya ubao ya chini. Droo zije mwisho. Vijiko vyaweza kungoja ndani ya kikombe safi kilichofunikwa kwa kitambaa. Mtoto hawezi kungoja.

9. Kila juma

Mlango mzuri usiotunzwa ni sawa na mlinzi aliyelala. Siku moja ya juma toeni vitu vyote, panguseni rafu kwa maji na sabuni, acheni milango wazi mpaka pakauke. Kazeni parafujo za bawaba zilizolegea. Tazameni pembe za wavu. Wafundisheni watoto wakubwa kufunga mlango kila wanapoufungua, maana kabati bora kuliko yote likiachwa wazi usiku mmoja ni chumba cha wageni cha panya.

Sasa tumrudie seremala, anayengoja na futi yake. Anauliza tena, "Mnataka milango ya namna gani?" Safari hii mama anajibu. "Ya wavu katikati, ya ubao chini, miwili miwili. Droo mbili tu, na nyuma pafungwe. Lakini kabla ya hayo yote, utufanyie kisanduku kimoja, ukipige pale juu. Kufuli ninalo, lilikuwa kwenye sukari."

Maswali ya kujiuliza nyumbani

1. Katika jiko lako, mafuta ya taa yako wapi leo? Yako ndani ya chupa ya namna gani?
2. Penseli inapita wapi katika milango ya kabati lako?
3. Nyuma ya droo zako pamefungwa au pako wazi?
4. Kwa nini chakula kilichokaa katika kabati la wavu usiku kucha chaweza kuleta ugonjwa?
5. Mtoto akinywa mafuta ya taa, ni mambo gani usiyofanya?
6. Kama una kufuli moja tu, utaliweka wapi?